Ushirikiano wa timu za Korea na timu za nje: mali yenyewe ni mazoezi

Kila ninapoletewa rasimu ya mkataba wa ushirikiano kati ya timu mbili za michezo ya kielektroniki, siisomi kuanzia ukurasa wa kwanza. Natafuta kwanza kifungu cha mazoezi, na mara nyingi sikipati. Niliwahi kupewa rasimu ya kurasa 14 baina ya timu ya Korea Kusini na timu ya nje, ambayo kurasa 3 nzima zilieleza nembo ya nani ikae juu ya nembo ya mwenzake kwenye jezi, huku mazoezi ya pamoja yakitajwa katika sentensi moja isiyosema ni saa ngapi kwa wiki, kwenye seva ya nchi gani, wala nani ana haki ya kuzitunza na kuzitazama rekodi za mechi hizo. Walioiandika walikuwa watu makini wenye nia njema. Walichokosa ni kuelewa kwamba timu ya nje inapobisha hodi Seoul, kitu inachokifuata hasa ni wapinzani wa kufanya nao mazoezi, na kwamba hayo mengine yote yangeweza kupatikana kwingine.

Korea ilikuwa na mali hiyo kabla ya wengine. Shirikisho lake la michezo ya kielektroniki, KeSPA, lilianzishwa mwaka 2000, wakati ambapo kumbi za kulipia kompyuta kwa saa, zinazoitwa PC bang, zilikuwa zimeenea katika miji yake na televisheni ilikuwa imeanza kurusha mechi za StarCraft, mchezo wa vita wa kompyuta. Makampuni makubwa kama SK Telecom, KT na Samsung yalimiliki timu, na kila timu iliweka kikosi cha pili cha vijana ambao kazi yao ya kutwa ilikuwa kucheza dhidi ya wakubwa. Kwa hiyo katika jiji moja kulikuwa na mamia ya wachezaji wa kiwango cha juu, wanaokutana kila siku kwenye seva moja. Ufundi wa Wakorea ambao watu wengine wanaueleza kwa nidhamu au kwa tabia ya taifa, mimi nauona zaidi kuwa matunda ya msongamano huo.

Msongamano huo hausafirishwi kwa intaneti. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo zilizomo kwenye mikongo ya mawasiliano husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Seoul hadi Los Angeles ni takriban kilomita 9,600 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo amri ya mchezaji ikienda na kurudi huchukua milisekunde 96 hata kama mkongo ungenyooka kama uzi uliovutwa. Mikongo hainyooki, na njiani kuna mitambo mingi ya kupokezana, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hapo. Mtu anayetazama filamu hataona tofauti yoyote. Mchezaji wa kulipwa anayepaswa kukwepa shambulio kwa sehemu ndogo ya sekunde atajizoeza ukwepaji usio sahihi, kisha itamlazimu kuusahau siku ya mechi. Ndiyo maana, tangu mwanzo, kushirikiana na timu ya Korea kulimaanisha kupanda ndege.

Kisa ninachokirejea sana ni cha Team Liquid, timu ya nje, na oGs, timu ya Korea. Mwaka 2010 mchezo wa StarCraft II ulitoka, na Septemba mwaka huo yakaanza Seoul mashindano ya GSL, ambayo bingwa wake alilipwa won milioni 100. Team Liquid, iliyotokana na jumuiya ya mashabiki wa StarCraft mtandaoni, ikakubaliana na oGs kwamba wachezaji wake wakaishi katika nyumba ya timu hiyo. Nyumba za timu za wakati ule zilifanana: viatu vimerundikana mlangoni, chumba kikubwa kimejaa kompyuta zilizopangwa mstari mrefu, na chumba cha kulala kina vitanda vya juu na chini ambavyo watu walivifikia usiku wa manane umeshapita. Kula kulikuwa pamoja, na baada ya chakula kila mtu alirudi kwenye kiti chake. Mgeni aliyeingia humo hakuhitaji Kikorea kingi. StarCraft ni mchezo wa mtu mmoja dhidi ya mmoja, na ukishapoteza mechi 10 kwa siku mbele ya watu wanaokaa hatua mbili kutoka kwako, unajua wapi pana udhaifu hata kama hakuna aliyekueleza.

Matokeo yalikuja upesi. Jonathan Walsh wa Uswidi, maarufu kwa jina la Jinro, alifika nusu fainali ya GSL mwishoni mwa 2010, katika msimu uleule ambao bingwa alikuwa Jang Min-chul wa oGs, anayeitwa MC. Januari 2011 Jinro akafika tena nusu fainali. Chris Loranger wa Kanada, HuK, naye aliishi na kufanya mazoezi katika nyumba hiyo, na kiangazi cha 2011 akashinda mashindano ya DreamHack nchini Uswidi. Nilikuwa nikizifuatilia mechi za GSL wakati huo mchana wa Afrika Mashariki, kwa kuwa jioni ya Seoul ndiyo mchana wetu, na nakumbuka jinsi watangazaji walivyoacha kumwita Jinro mgeni wa kushangaza wakaanza kumchambua kama mshindani mwingine yeyote.

Upande wa oGs ulipata nini? Ulipata mlango wa kutokea. Mashindano ya Ulaya na Marekani Kaskazini yalikuwa yakiongezeka, yalikuwa na fedha, na timu ya Korea isiyo na kampuni kubwa nyuma yake ilihitaji mtu wa kuijuza mialiko, kuishughulikia safari na kuwapatia wachezaji wake mashabiki wanaosoma Kiingereza. Lakini hapo ndipo mizani ilipoinama. Song Hyeon-deok, HerO, alitoka oGs akajiunga na Liquid mwaka 2011, akashinda DreamHack ya majira ya baridi mwaka huohuo. MC naye akaanza kuivalia SK Gaming ya Ujerumani. Mwaka 2012 oGs ilivunjika. Nyumba iliyowanoa wageni ilikuwa imetoa maarifa yake na hatimaye ikawatoa watu wake, na sioni kwamba kulikuwa na kifungu chochote cha kuirudishia thamani iliyolingana na hiyo.

Jambo kama hilo lilionekana waziwazi zaidi Julai 2011, mchezaji aitwaye PuMa alipohama kutoka timu ya Korea ya TSL kwenda Evil Geniuses ya Marekani mara tu baada ya kushinda mashindano makubwa huko California. Timu yake ya Korea ililalamika hadharani, na ikabainika kwamba hakuwa na mkataba wa maandishi nayo. Timu nyingi za StarCraft II nchini Korea ziliendeshwa kwa heshima ya mkubwa na mdogo, ambapo kocha ni kama kaka na neno lake ni ahadi. Utaratibu huo una utu ndani yake, nami siudharau, lakini haukuwa na kinga mbele ya timu iliyozoea kuuliza kwanza karatasi iko wapi. Baada ya hapo timu za Korea zikaanza kuchukulia mikataba kwa uzito.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa la msimu wa 2012–2013. Evil Geniuses na Team Liquid ziliunganisha wachezaji wao chini ya jina EG-TL na kuingia Proleague, ligi ya timu ya KeSPA, pamoja na timu za makampuni kama SK Telecom, KT, Samsung, CJ na STX. Evil Geniuses ilimsajili Lee Jae-dong, mmoja wa magwiji wa StarCraft ya zamani, hivyo hakuna aliyeweza kusema kwamba walikwenda mikono mitupu. EG-TL ilimaliza mkiani kati ya timu 8, ubingwa ukaenda STX Soul, na msimu uliofuata EG-TL haikurudi. Wengi waliona ni ushahidi kwamba wageni hawawezi. Naamini sababu ilikuwa kalenda. Proleague ilikuwa ligi ya mechi za wiki kwa wiki kwa miezi mingi, inayomtaka mchezaji awepo Seoul, huku riziki ya timu hizi mbili ikitokana na wadhamini waliotaka kuziona jezi zao Stockholm, Dallas na Köln mwishoni mwa juma. Mchezaji aliyerudi na uchovu wa safari alikutana na kijana aliyekuwa na wiki nzima ya kujiandaa kwa ramani moja tu, dhidi ya mtu mmoja tu. Jae-dong mwenyewe, katika mashindano ya mtu binafsi, alifika fainali ya dunia ya Blizzard, kampuni iliyotengeneza StarCraft, mwaka 2013 akiwa na jezi ya Evil Geniuses. Kipaji hakikukosekana.

League of Legends ilipochukua nafasi ya StarCraft, mbinu ya kulaza wageni wachache katika nyumba ya timu ilipoteza maana yake. Huu ni mchezo wa watu watano wanaozungumza bila kukoma, na Mswidi mmoja katikati ya Wakorea wanne ni tatizo la lugha kabla hajawa mchezaji. Kilichofuata ni usajili wa moja kwa moja: baada ya timu ya Samsung White kutwaa ubingwa wa dunia Seoul mwezi Oktoba 2014, wachezaji wote 10 wa timu mbili za Samsung walikwenda China. Kampuni ya Riot, yenye mchezo huo, ilikuwa imekwishaweka kanuni kwamba angalau wachezaji 3 kati ya 5 wawe wakaazi wa eneo la ligi, na bila kanuni hiyo naamini baadhi ya ligi zingekuwa matawi ya Korea kwa miaka kadhaa. Mchezo mwingine, Overwatch, ulionyesha mambo yanavyokuwa pasipo kizuizi hicho: bingwa wa msimu wa kwanza wa ligi yake, mwaka 2018, alikuwa London Spitfire, timu yenye jina la Uingereza, mmiliki wa Marekani na kikosi kizima cha Wakorea kilichotokana na timu mbili, GC Busan na Kongdoo Panthera.

Ubia wa mitaji nitaupitia kwa haraka, kwa sababu unaandikwa sana. Mwaka 2017 kampuni ya KSV, iliyoanzishwa na wajasiriamali wa Marekani, iliinunua timu ya League of Legends ya Samsung Galaxy muda mfupi baada ya timu hiyo kuwa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata ikajiita Gen.G. Mwaka 2019 SK Telecom na Comcast Spectacor ya Philadelphia zikaunda kampuni ya ubia inayomiliki timu ya T1, na mwaka 2020 mchezaji wake Lee Sang-hyeok, Faker, akapewa sehemu ya umiliki. Ubia huu uliipa T1 uwezo wa kufungua kikosi cha mchezo wa Dota 2 chenye wachezaji wa Ufilipino na Indonesia, jambo ambalo timu ya kampuni ya simu ya Korea isingekuwa na sababu ya kulifanya. Hata hivyo hisa hazimfundishi mtu kucheza. Mmiliki wa Philadelphia hakupunguza hata milisekunde moja kati ya Philadelphia na Seoul.

Lipo jambo lingine ambalo mikataba huliacha, nalo ndilo linaloufanya ushirikiano kuwa na faida kwa Wakorea wenyewe. Timu za ligi moja hufanya mechi za mazoezi zikiwa zimefunga nusu ya mkono, kwa kuwa mbinu mpya ikionekana leo itajibiwa wiki ijayo kwenye mechi ya pointi. Timu ya nje haina pointi za kuchukua kwako hadi mashindano ya dunia, hivyo mbele yake unaweza kujaribu lile ambalo jirani yako hatakiwi kuliona. Ndiyo maana timu za China zina thamani ya pekee: Shanghai iko chini ya kilomita 900 kutoka Seoul. Ndiyo maana pia nasisitiza kifungu kinachosema rekodi ya mechi ya mazoezi inatunzwa na nani, inafutwa lini, na kocha msaidizi akihama anaondoka na nini.

Tangu 2023 hali imegeuka kwa namna ambayo naifuatilia kwa karibu. Ligi ya mchezo wa Valorant ya ukanda wa Pasifiki iliwekwa Seoul, na pamoja na timu za Korea, T1, Gen.G na DRX, timu za Singapore, Japani, Indonesia, Ufilipino, Thailand na India zikaishi huko msimu huo. Hakuna aliyelazwa katika nyumba ya mwenzake, wala hakuhitajika mkataba wa timu na timu ili kupata mpinzani mzuri kwenye seva ya karibu. Fainali ya kwanza ya ligi hiyo ilichezwa palepale Seoul, na Paper Rex ya Singapore ikaifunga DRX kwa 3–2. Mwaka uliofuata Gen.G ikashinda mashindano ya kimataifa ya Valorant, Masters, ya Shanghai, na 2025 Paper Rex ikashinda Masters ya Toronto.