Kumtibu ng'ombe kwa simu: kanuni iulize nini

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, safari hii na mfugaji wa Witu ninayemheshimu sana, kwamba sisi madaktari wa mifugo tunataka kanuni za tiba ya mbali ili kulinda ada zetu. "Daktari, picha si umeiona? Niandikie dawa tu."

Picha nilikuwa nimeiona: mtamba ameinamisha kichwa, tezi ya chini ya sikio imevimba. Tezi hiyo huvimba kwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe, na katika nchi ya mbung'o kama ile huweza kuvimba pia kwa nagana, ugonjwa wanaoueneza mbung'o hao, wala dawa ya ugonjwa mmoja haiponyi mwingine. Nagana humaliza damu mpaka utando wa ndani ya kope unapauka, na rangi hiyo ndiyo kamera ya simu huibadilisha kufuatana na jua na kivuli. Hapo panahitajika kidole cha kufunua kope, kipimajoto, na tone la damu chini ya hadubini.

Kwa hiyo kanuni isishughulike na simu; iulize kama daktari analijua zizi, dawa zilizokwisha kutumika humo na maziwa yanakouzwa, na kama yupo mtu wa kumshika mnyama. Marekani ililegeza sharti la kumkagua mnyama ana kwa ana mwaka 2020, wakati wa Korona, ikalirudisha 2023. Kulinakili sharti hilo hapa kwanipa shaka, kwa kuwa mgonjwa akiwa Faza, kisiwani Pate, safari yangu hungoja mashua na maji kujaa, na mfugaji hatangoja. Atakwenda dukani kununua sindano. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2011 inawatambua wataalamu wasaidizi wa mifugo, na ningependa kanuni ijengwe juu yao: msaidizi aliyesajiliwa apime zizini, daktari aamue akiwa mbali, na wote wawili waweke sahihi.

Linalonisumbua ni muda: baada ya ziara moja, daktari ahesabiwe analijua zizi mpaka lini? Nimezoea kusema miezi sita, lakini kundi nililolikagua wakati wa kaskazi likihamia malisho ya Tana kwa ukame, likachanganyika na mengine, sithubutu kusema kwamba bado ninalijua.

Msaidizi alifika Witu kesho yake. Utando ulikuwa umepauka kabisa, na kwenye damu vimelea vya nagana vilionekana. Mfugaji mwenyewe alikuwa amekwisha kumdunga mtamba oksitetrasaiklini, antibiotiki isiyotibu nagana, mara mbili kabla ya kunitumia picha.