Simu ya dharura ya wahamiaji baharini ni nini?

Ni nambari ambayo mtu aliyekwama baharini, au ndugu yake aliye nchi kavu, anaweza kuipiga saa yoyote, usiku na mchana. Wanaopokea ni wajitoleaji wanaopeana zamu. Inayojulikana zaidi ni Alarm Phone, iliyoanza Oktoba 2014 kwa ajili ya wanaovuka Bahari ya Mediterania. Watu wake wako Ulaya na Afrika Kaskazini. Hawana meli wala helikopta.

Sasa wanasaidiaje? Simu mara nyingi inatoka kwenye simu ya setilaiti, upepo unavuma, watoto wanalia, kila mtu anataka kusema. Swali la kwanza ni mko wapi. Aliyeshika simu anaelekezwa namna ya kupata tarakimu za GPS kwenye skrini, anazisoma moja moja, na mpokeaji anazirudia, maana tarakimu moja ikikosewa meli itatumwa kusikokuwa na mtu. Kisha: mko wangapi? Injini inawaka? Maji yanaingia? Kuna mjamzito au mgonjwa? Baadaye wanaulizwa tena walipo, na tofauti ya vipimo hivyo viwili inaonyesha chombo kinaelekea wapi na kwa kasi gani. Salio la simu likikaribia kwisha, mjitoleaji analiongeza kupitia intaneti, kwa sababu simu ikikatika watu hao hawapatikani tena.

Taarifa hizo hupelekwa kwenye vituo vya serikali vinavyoratibu uokoaji, kama cha Roma na cha Malta. Kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1979, bahari imegawanywa katika maeneo ya utafutaji na uokoaji, kila eneo na nchi yake. Tatizo huanzia hapo. Tarehe 11 Oktoba 2013 boti iliyotoka Zuwara, Libya, ikiwa na watu zaidi ya 400, wengi Wasyria, ilianza kuzama. Daktari aliyekuwa ndani alipiga simu Roma mara kadhaa. Akaambiwa awapigie Malta. Malta nao wakamwambia yuko karibu zaidi na Lampedusa, yaani Italia. Watu zaidi ya 200 walikufa, kati yao watoto 60, na meli ya kivita ya Italia ilikuwa jirani.

Ndiyo maana nasema kuarifu ni sehemu ndogo ya kazi hii. Kazi yenyewe ni kufuatilia: kupiga tena na tena kuuliza nani ametumwa, kuzijulisha meli za mizigo na meli za mashirika ya uokoaji zilizo karibu, na serikali ikikaa kimya, kulitangaza jambo hadharani. Kabla ya 2014 mzigo huu ulibebwa na watu wachache, kama padre Mussie Zerai, Mwaritrea aliyeishi Roma, ambaye nambari yake ilikuwa ikipitishwa mkono kwa mkono miongoni mwa wahamiaji. Machi 2011 boti ya watu 72 iliyotoka Tripoli ilimpigia, naye akawaarifu walinzi wa pwani wa Italia mara moja. Boti ilielea wiki mbili, na walionusurika ni 9 tu. Mtu mmoja, hata awe na moyo kiasi gani, hawezi kukesha peke yake na bahari nzima.

Wapo wanaolalamika kwamba nambari hizi huwavuta watu kuvuka. Mimi siafiki. Anayepiga yuko majini tayari, na nahodha yeyote anawajibika kisheria kumwokoa bila kuuliza pasipoti.

Lililo gumu zaidi ni Libya. Tangu 2018 nayo ina eneo lake la uokoaji linalotambuliwa, na wanaokamatwa na walinzi wake wa pwani hurudishwa kwenye vituo vya kuwazuilia wahamiaji, ambako kuteswa ni jambo la kawaida. Wengine wakiona boti ya Libya inakuja hujirusha majini.

Kila simu huandikwa: saa iliyoingia, nani aliarifiwa, alijibu nini. Maandishi ya namna hiyo yana uzito. Katika kesi ya boti ya Oktoba 2013, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza Januari 2021 uamuzi wake kwamba Italia ilishindwa kulinda uhai wa watu wale, kwa kuchelewa kuitikia simu zao.