Ganda la Yai la Tai

Kazi yangu ni utafiti wa ndege, na kila ninapofundisha habari za tai kichwa-cheupe wa Marekani huanzia kwenye ganda la yai. Miaka ya 1950 na 1960 maganda yao yalikuwa membamba kiasi kwamba mama akiyalalia tu ayaatamie, yanapasuka chini ya kifua chake.

Chanzo kilikuwa DDT, dawa ya kuua wadudu. Dawa ilinyunyizwa mashambani na penye mbu, mvua ikaisomba hadi mitoni, ikaingia kwa wadudu, kwa dagaa, kwa samaki wakubwa, ikizidi kulimbikizana kila inapoliwa. Anayekula hao samaki ni tai. Mwilini mwake DDT hugeuka DDE, nayo hulinyima ganda kalsiamu. Tai wazima waliendelea kupaa kama kawaida, kumbe viota ni vitupu. Mwaka 1963 zilihesabiwa jozi 417 tu, ukiacha Alaska.

DDT ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, na wengi huishia hapo kusimulia. Mimi siishii hapo. Tai huanza kuzaa akiwa na miaka kama 5, tena hutaga mayai mawili hivi. Jimbo la New York lilikuwa limebakiwa na jozi moja isiyototoa. Basi kati ya 1976 na 1988 yaliletwa makinda 198, mengi kutoka Alaska, yakalelewa kwenye vizimba juu ya minara. Mlishaji alijificha, akipenyeza samaki bila kinda kuuona hata mkono wake, yasije yakamzoea binadamu. Mwaka 1980 wawili wa kwanza kuachiwa wakazaa wenyewe. Kila nikiwafikiria walezi wale, moyo hunijaa.

Mwaka 2007 tai huyu aliondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Hesabu ya 2018 na 2019 ilikadiria viota 71,467 vyenye wenyewe.

Linaloninyima usingizi sasa ni risasi, na Kiswahili huita vitu viwili kwa neno hilo moja: risasi ya bunduki na risasi madini, yenye sumu. Mwindaji humpasua kulungu, huacha matumbo porini, na ndani yake vimo vipande vya madini hayo, vidogo kama chembe za mchanga. Tai hushuka, hula, hupata sumu. Utafiti wa 2022 ulikuta karibu nusu ya tai waliopimwa wana sumu hiyo ya muda mrefu mifupani.

Risasi za shaba zipo madukani, na kulungu huanguka nazo vilevile.