Kukojoa baada ya tendo hakuzuii mimba

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti mwanamke akikojoa au kunawa mara tu baada ya tendo la ndoa, hashiki mimba. Si kweli.

Mkojo hautoki ukeni. Una tundu lake dogo, juu kidogo ya uke, kwa hiyo haupiti zilipo mbegu za kiume wala hauwezi kuzisukuma nje. Fungua kitabu cha baiolojia, tazama mchoro wa viungo vya mwanamke: matundu ni mawili tofauti. Kunawa nako hakusaidii, maana mbegu huanza kuingia mlango wa kizazi ndani ya dakika chache.

Mkanganyiko wenyewe unaeleweka. Wahudumu wa afya huwashauri wanawake wakojoe baada ya tendo, lakini ni kwa ajili ya kupunguza maambukizi ya njia ya mkojo. Ushauri mzuri, umebebeshwa kazi isiyo yake.

Asiyetaka mimba na hakutumia kinga awahi vidonge vya dharura ndani ya saa 72 (vipo vinavyofanya kazi hadi siku 5). Ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze. Anayeuamini huzipoteza saa hizo.