Mpishi anayeipenda kazi yake huchoka kimyakimya

Ilikuwa saa tano kasoro usiku, na jiko la hoteli moja ya mikutano jijini Dar es Salaam lilikuwa linapoa. Nilikwenda pale kupima joto na kuzungumza na wafanyakazi, kama tunavyofanya sisi wa afya kazini. Majiko yalikuwa yamezimwa na sakafu inasuguliwa kwa sabuni. Kijana mmoja wa upande wa kuchoma alikuwa ameketi juu ya ndoo tupu ya mafuta ya kupikia, anajipaka dawa ya meno mahali alipoungua mkononi. Nikamwambia aioshe, aweke mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno haitibu kuungua, inaukera tu mwili uliokwisha kujeruhiwa.

Akiwa amesimama pale kwenye sinki nilimuuliza swali ninalowauliza wote: unaipenda kazi hii? Akajibu papo hapo. "Naipenda sana, dokta. Hata ukinipa ya ofisini siitaki." Nikamuuliza tena: mara ya mwisho kulala kwa saa saba bila kukatizwa ilikuwa lini? Akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono ule mzima, akaishia njiani.

Majibu yake yote mawili yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo wenye hoteli wengi wanapokosea. Wanadhani kuridhika na kuelemewa vinakaa kwenye mizani moja, kwamba kimoja kikipanda kingine lazima kishuke. Basi wakisikia mpishi anaipenda kazi yake, wanahitimisha kwamba yuko salama. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wahandisi na wahasibu. Waliona kwamba mambo yanayomfanya mtu aipende kazi, kama ufundi wenyewe, kutambuliwa na kuona matokeo ya mikono yake, si yale yanayomkera, kama malipo, usimamizi na mazingira. Nadharia hiyo imekosolewa sana tangu wakati huo. Hata hivyo, kila ninapoingia jikoni nakutana na watu wa aina hiyo: wenye fahari kubwa na mwili uliochakaa.

Fahari hiyo ina sababu. Ni kazi chache zinazomwonyesha mtu matokeo yake ndani ya nusu saa. Karani anaweza kufanya kazi mwaka mzima asijue faili zake zilimfaa nani. Mpishi anaiona sahani ikitoka imejaa na kurudi tupu. Zaidi ya hapo kuna undugu wa jikoni, ule wa watu waliopita pamoja kwenye saa mbili za oda zisizokatika. Wakati wa Ramadhani nimemwona mpishi aliyefunga akipika futari ya mamia ya watu kuanzia mchana, na ladha anamwachia mwenzake asiyefunga. Mwenzake anaonja, anatikisa kichwa, anasema "chumvi bado kidogo," na jungu linakwenda kwa kuaminiana. Hayo huwezi kuyanunua kwa mshahara, na mimi sitaki mtu yeyote ayadharau.

Ila mapenzi hayo yanageuzwa kuwa punguzo la bei. Asiyeipenda kazi atasema mwili umechoka, leo nakwenda nyumbani. Anayeipenda atasema sawa shefu, kisha sawa tena, mpaka siku anayoanguka.

Moto wa jiko na mamlaka ya mkono

Watu wa nje wakisikia habari za shida za jikoni hufikiria joto. Joto ni la kweli. Karibu na jiko la kuchomea, katika mji wenye unyevunyevu kama Dar es Salaam au Mombasa, jasho halikauki upesi na mwili unashindwa kujipoza. Mtu anaweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa. Maji ya kunywa yawekwe ndani ya jiko, si kantini. Feni ya kunyonya moshi isafishwe, kwa sababu ikiziba mafuta jiko zima linageuka tanuri. Anayesimama kwenye moto apishane na wa upande wa saladi. Hayo ni mambo ya gharama ndogo, sitayarefusha.

Lakini wafanyakazi wenyewe, nikiwauliza kinachowachosha zaidi, mara nyingi joto hawalitaji kwanza. Wanataja kutojua. Hajui kesho ataingia saa ngapi. Hajui kama meza ya watu 40 imeongezwa hadi iwe mbele yake. Kuku wa bafe wamepungua, wa kulaumiwa ni yeye, na wakati oda ya kuku inatolewa hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza jambo hili kwa namna ambayo wataalamu wa afya kazini tunaitumia hadi leo. Kazi nyingi peke yake si lazima imvunje mtu. Inayomvunja ni kazi nyingi pamoja na uwezo mdogo wa kuamua namna ya kuifanya. Mwenye kazi nyingi na uhuru wa kuipanga anaweza hata kuridhika kuliko mwenye kazi chache.

Iangalie hoteli moja kwa jicho hilo. Mtengeneza keki anaingia alfajiri, anapima unga wake na kupanga mwenyewe kipi kitangulie kuingia kwenye oveni. Anachoka, lakini siku ni yake. Mpishi wa upande wa kuchoma anachoka vilevile, ila siku yake iko mikononi mwa wageni na wahudumu. Anachoweza kuamua ni samaki yupi ageuzwe sasa na yupi asubiri. Kisha uende nyuma kabisa, kwenye masinki, kwa stewadi, yule anayeosha sahani na masufuria. Vyombo vinamjia vyote kwa mpigo, bafe likifungwa. Hana anachoamua. Maji ni ya moto, dawa ni kali, ngozi ya vidole imechubuka, na mgeni hatajua kamwe kwamba mtu huyo yupo. Ukiniuliza ni nani wa kuangaliwa kwanza katika jiko lolote, nitakupeleka kwake kabla ya kukupeleka kwa shefu.

Msosholojia aliyefanya kazi Ujerumani, Johannes Siegrist, mwaka 1996 aliongeza upande wa pili: mtu anaumia pale anachotoa kinapozidi mno anachopata. Kupata hapo kuna maana ya fedha, heshima na uhakika wa kesho. Jikoni jambo hili linajionyesha kwenye bakshishi. Mgeni amefurahia pweza wa nazi, anaacha noti mezani, na noti inaishia mikononi mwa aliyeileta sahani. Aliyempika pweza hapati kitu, na aliyeiosha sufuria ndio kabisa. Hoteli zenye sanduku la pamoja, lenye kanuni inayosomeka ukutani, zimeondoa manung'uniko mengi. Mkataba Na. 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, unaohusu hoteli na migahawa, unasema mfanyakazi alipwe mshahara wake wa msingi kwa wakati bila kujali bakshishi. Bakshishi ni nyongeza, isije ikafanywa mshahara.

Saa zilizokatwa katikati

Sasa nije kwenye usingizi. Zamu inayochosha kuliko zote ni ile iliyokatwa katikati. Mpishi anaingia saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya chai ya wageni, anaachiwa saa nane mchana, anatakiwa arudi saa kumi na moja jioni, anatoka saa nne na nusu usiku. Kwenye karatasi amepumzika saa tatu mchana. Anaishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, hoteli iko mjini, na foleni kila mtu anaijua. Kwa hiyo haendi nyumbani. Anatandika boksi nyuma ya stoo na kujinyoosha akiwa na sare yake. Usiku anafika kwake saa sita, na saa kumi alfajiri yuko kituoni anasubiri daladala.

Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, na ningependa kila mwenye kofia ya upishi aijue. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ukijumlisha na za ziada, siku isizidi saa 12. Saa za ziada zifanywe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unastahili mapumziko ya dakika 60. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kati ya siku na siku lazima pawe na mapumziko ya saa 12 mfululizo. Yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, pale kazi inapokatwa katikati kwa angalau saa tatu. Sasa hesabu zamu ya yule mpishi wa Chanika: kutoka saa nne na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 7 na nusu. Hata kwa kipimo kilicholegezwa, hazijafika.

Na sheria yenyewe si kipimo cha afya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walichapisha makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Chukua saa 45, ongeza wastani wa saa za ziada zinazoruhusiwa, unapata 57 na nusu. Mwajiri anaweza kuwa ndani ya sheria na bado anamuumiza mtu.

Ukinyimwa haki, njia zipo: tawi la CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiungua au kujikata, ajali iandikwe siku hiyohiyo, kwa sababu madai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi yanahitaji kumbukumbu. Vibarua wa deiwaka ndio wanaosahaulika zaidi hapa, nao wanaungua kwa mafuta yaleyale.

"Jiko ni jeshi"

Nikigusia suala la makelele na matusi, mashefu wengi wananijibu kwamba jiko ni jeshi. Mpangilio wa vikosi vya jikoni tunaoufuata uliimarishwa na Mfaransa Auguste Escoffier, mpishi aliyelitumikia jeshi katika vita vya 1870 na baadaye kuongoza jiko la Savoy, London. Huyo mwanajeshi anasimuliwa kuwa alikataza matusi na pombe jikoni mwake, akawawekea wapishi kinywaji cha shayiri cha kupoza joto, na hasira zikimpanda alitoka nje mpaka zitulie. Amri fupi kwa sauti kubwa ni ya lazima, kwa kuwa feni zinanguruma. Kumtukania mtu mama yake si amri. Mwanafunzi wa fildi aliyetukanwa wiki ya kwanza hujifunza kuficha makosa, na kosa lililofichwa jikoni linaweza kumfikia mgeni ndani ya chakula.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu uliopitiliza wa kazini kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa, si ugonjwa, na likataja dalili tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni kujitenga na kazi kwa moyo, na hii wenzako wataiona kabla yako: mtu aliyekuwa anapanga sahani kama anamwandalia mama mkwe sasa anaitupia tu, anawaita wageni "hao". Ya tatu ni kujiona huwezi tena, hata kwa mchuzi uliopika miaka kumi. Ukiona hizo, usisubiri likizo. Zungumza na shefu, au na mtu wa rasilimali watu kama shefu ndiye tatizo. Ukikosa usingizi kwa zaidi ya wiki mbili, ukianza kunywa ili ulale, nenda kituo cha afya. Pombe inakuletea usingizi na kuukata usiku wa manane. Ukijikuta unawaza kujidhuru, mwambie mtu leo na uende hospitali leo.

Kwa mwenye hoteli, mimi ningeanza na rosta kabla ya kununua mashine yoyote. Hoteli moja ninayoitembelea, shefu aliamua kuibandika kwenye mlango wa friza kila Alhamisi, kwa wiki mbili zinazofuata, na anayetaka kubadilishana zamu anaandika jina lake pembeni. Akaongeza jambo lingine: saa kumi jioni, kabla ya mlango wa mgahawa kufunguliwa, wote wanakaa chini na kula, stewadi wakiwamo, na ndipo idadi ya wageni wa usiku inatajwa.

Mara ya mwisho nilimkuta dada mmoja wa masinki akila wali na maharage kwenye kona, simu mkononi, anamaliza kuzungumza. Nikamuuliza kuna mabadiliko gani. "Nilikuwa naongea na mama," akasema. "Namwambia Jumapili ijayo nakuja Bagamoyo. Zamani nilikuwa namwambia nitaangalia."