Nafasi ina uhusiano gani na elimu jumuishi?

Watu wengi wakisikia elimu jumuishi wanafikiria mtoto mwenye ulemavu kaandikishwa shule ya kawaida, basi, imeisha hiyo. Mi naona dhana ya nafasi inatusaidia kuona kwa nini kuandikishwa peke yake hakutoshi. Nafasi hapa ni mahali penyewe, umbali wake, majengo, madawati yalivyopangwa, nani anakaa wapi na nani kaamua akae hapo.

Mwaka 1974 mwanafalsafa Mfaransa Henri Lefebvre alieleza kwamba nafasi haikai tu ikisubiri watu waingie, watu ndo wanaoizalisha. Aliitazama kwa namna tatu, nafasi ya wapangaji kwenye ramani na michoro, nafasi tunayoitumia kila siku, na ile mtu anayoiishi mwenyewe na hofu zake zote. Baadae mwanajiografia Mmarekani Edward Soja akaiunganisha na haki, kwamba kama ni watu wameitengeneza basi uonevu unaweza kujengwa humo humo, na unaweza kubomolewa.

Chukua shule za kata hapa Tanzania. MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ilianza 2004, kila kata ilitakiwa iwe na sekondari, na watoto wengi wa maskini wamesoma kwa sababu hiyo, hilo nitalitetea siku zote. 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Kwenye ramani kila kitu safi, kata ina shule. Ila kata za vijijini zingine ni kubwa mno, mtoto wa kitongoji cha mwisho anatoka nyumbani gizani, anavuka korongo, masika likijaa siku hiyo haendi, mwisho mzazi anampangia geto karibu na shule, binti wa kidato cha pili anaishi peke yake anajipikia na hakuna mtu mzima wa kumwangalia. Ada ni sifuri kwa wote lakini umbali analipa huyu tu. Ndo maana mabweni ni suala la usawa kabisa.

Ingia darasani sasa. Watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, ukimweka nyuma haoni ubao, ukimweka mbele ila dirishani jua linampiga machoni. Kumsogeza dawati hakuhitaji mfadhili. Mtoto kiziwi kwenye safu zilizonyooka anaona migongo tu, mwenzie akijibu swali hajui nani kasema nini, lakini mkikaa nusu duara anaona mikono na nyuso za wote.

Halafu kuna vitengo, yale madarasa ya watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida. Shule inasifiwa kuwa jumuishi kumbe watoto wa kitengo wako chumba cha pembeni, wanacheza wenyewe, wanakula wenyewe. Hapo wamejumuishwa kwenye kiwanja tu.

Na choo jamani. Mlango ukiwa mwembamba wilichea haipiti, mtoto anaacha kunywa maji toka asubuhi ili asibanwe, na bado anatakiwa afaulu hesabu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, kwa hiyo hatuombi fadhila hapa.

Kama uko kamati ya shule na mnajenga, waiteni hao watoto na wazazi wao kabla fundi hajachimba msingi, maana njia ya mteremko ikiwekwa mwanzoni ni zege kidogo tu, mkija kukumbuka baadae mnavunja ngazi mliyojenga kwa michango.