Kabla hujalipia chumba Kampala, uliza kilima

Kazi yangu ni kupokea wageni Kampala, wengi wao kutoka Mombasa, Tanga na Dar, wanaokuja kwa siku mbili tatu kutembea tu. Swali la kwanza huwa ni bei ya chumba. La pili, ni kilomita ngapi hadi katikati ya mji. Hilo la pili ndilo linalowaponza, maana mji huu haupimwi kwa kilomita. Ni mji wa vilima, na kati ya kilima na kilima kuna bonde, na bondeni ndiko jamu inakolala. Kutoka Ntinda kwenda mjini asubuhi ya Jumapili ni kama kuvuka mtaa. Safari hiyo hiyo Ijumaa saa kumi na moja jioni, mvua ikiwa imenyesha, utaichoka.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wengi hawalioni kwenye ramani. Hoteli wanazozipenda ziko upande wa mashariki: Kololo, Naguru, Bugolobi, Ntinda. Vitu walivyokuja kuviona vingi viko magharibi: msikiti mkuu wa Old Kampala, ambao ukipanda mnara wake unaviona vilima vyote, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, makanisa makuu ya Namirembe na Rubaga, na makaburi ya wafalme hao huko Kasubi, yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001 na kuungua Machi 2010. Kwa hiyo mgeni analala mashariki, na kila asubuhi anaukata mji mzima kwenda magharibi, kisha jioni anaukata tena kurudi. Mimi kwa safari fupi humlaza Mengo, Namirembe au Old Kampala. Kuna gesti za kawaida, safi, zisizo na mbwembwe, na chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi. Ila ukiwa na hamu ya mikahawa na muziki wa usiku, basi Kololo karibu na Kisementi ndiyo yako, na hata Jumba la Makumbusho, lililoanzishwa 1908, haliko mbali na hapo.

Kabalagala, mtaa wa baa na muziki wa usiku? Nenda ukacheze, ukalale kwingine.

Mwenye shughuli Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria, asihangaike na mjini kabisa. Barabara ya kulipia kutoka Entebbe ina tawi linaloshuka moja kwa moja huko, na tangu Januari 2022 gari dogo hulipa shilingi 5,000 za Uganda. Unatoka uwanja wa ndege hadi ziwani bila kuigusa jamu. Tena usichanganye Entebbe na Kampala. Kuna kama kilomita arobaini kati yake, na kila mwaka napokea simu ya mtu aliyelipia usiku tatu Entebbe akidhani ni mtaa wa mjini. Wengine hudanganyika kwa njia nyingine: tangazo linasema Kampala, kumbe nyumba iko Kira au Najjera, ambako ni wilaya ya Wakiso. Ni pazuri, lakini si mjini.

Nami nimeshateleza. Kuna mzee wa Tanga na mkewe niliowatafutia gesti kwa picha: shuka nyeupe, bafu la vigae, dirisha kubwa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na banda refu la mabati, na mchana ungedhani ni ghala. Ilipofika saa tatu usiku zikawashwa spika. Kumbe ni kanisa, na ile ilikuwa siku ya mkesha. Asubuhi mzee alinikuta mapokezi, kofia imepinda, akaniuliza, "Mwanangu, jana tulilala au tulikesha?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo silipii chumba nisichokipita usiku, na nikipita nazima pikipiki nisimame nisikilize.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, kimbia mabondeni. Mfereji wa Nakivubo ukifurika, njia za kuzunguka Clock Tower hugeuka mto, na Bwaise nako hivyo hivyo. Na karibu na tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji Wakristo hujaa Namugongo na vyumba vya upande huo huadimika. Fanya mpango mapema, au kaa mbali nako.

Ukipiga simu gesti, anza kwa "Oli otya, ssebo", au "nnyabo" akiwa mama, ndipo uingie kwenye Kiswahili. Baadhi ya watu wa makamo hapa bado wanakisikia kama lugha ya askari, na salamu ya Kiganda hulainisha sauti upande wa pili. Uliza jenereta huwashwa usiku kucha au huzimwa saa nne. Uliza bei ni ya shilingi au dola. Kisha uliza umbali hadi Old Kampala. Atakujibu "awo wokka", yaani hapo tu. Muulize nauli ya boda. Akisema elfu mbili, kweli ni hapo tu. Akisema elfu kumi, hapo tu yake imevuka mabonde matatu.